Kiherehere: kutoka moyoni mpaka kwa jirani

Wadau, leo tuongelee neno ambalo karibu kila mmoja wetu ameshawahi kurushiwa: kiherehere.

Siku hizi mwenye kiherehere ni yule anayejitia kwenye mambo yasiyomhusu. Ana ndugu zake: mwenye kimbelembele anataka aonekane wa kwanza, mmbea anabeba ya huyu kumpelekea yule. Lakini kiherehere kilianzia kifuani. Kamusi za enzi za ukoloni zinakieleza kama wasiwasi, moyo kwenda mbio. Ni moyo usiotulia, ambao jina lake likaja kumkalia mtu asiyetulia.

Sasa twende Njombe. Mkoloni alileta kodi ya nyumba, na kodi haikusanywi bila nyumba kuhesabiwa. Wanaume wengi wa Kibena wakaishia kwenye mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro kutafuta hela. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu Njombe, anaonyesha jinsi watu walivyoifanya familia kuwa kimbilio dhidi ya dola. Baada ya uhuru, miaka ya 1960, TANU ikaweka viongozi wa nyumba kumi kumi. Kujua mgeni wa nani kalala wapi kukawa sehemu ya kazi yao. Hao hawakuitwa wenye kiherehere, waliitwa viongozi, baadaye mabalozi.

Mmeona hapo? Ukichungulia ukiwa na cheo, ni kazi. Ukichungulia bila cheo, ni kiherehere.

Makambako mambo ni tofauti kidogo. Reli ya TAZARA, iliyokamilika 1975, inapita pale, na barabara ya Dar kwenda Tunduma inakutana pale na ile ya Njombe na Songea. Ni mji wa wapita njia. Ukitaka kumhoji kila mgeni katoka wapi, biashara utafanya saa ngapi?

Halafu, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, watoto kadhaa mkoani Njombe walitekwa na kuuawa. Ghafla kumuuliza mtu "unampeleka wapi huyo mtoto?" kukawa wajibu wa kila mtu. Maana zote mbili za neno zikakutana: moyo unaenda mbio, ndiyo maana mdomo unauliza.

Lakini tusijidanganye, wasiwasi nao unaua. Oktoba 2016 kule Chamwino, Dodoma, watafiti waliotoka kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Pale hakuna aliyesubiri jibu.

Kwa hiyo mimi naona kosa haliko kwenye kuuliza, liko kwenye kuhukumu kabla ya kujibiwa. Mama wa jirani akiuliza kuhusu mgeni wako, kabla hujamwambia "acha kiherehere", mjibu kwanza. Mnasemaje?