Mchepuo wa Damu Katika Ini: Manufaa na Hatari kwa Wazee

Sirosisi ni hali ya ini kujaa makovu, mara nyingi kutokana na homa ya ini aina ya B au C, au unywaji wa pombe kupita kiasi. Makovu huzuia damu itokayo matumboni, shinikizo hupanda, mishipa ya umio huvimba na tumbo hujaa maji. Kwa wananchi wa Mkoa wa Mara, wakiwemo wa Mugeta, shinikizo hilo huweza pia kuletwa na kichocho cha utumbo, kilichoenea kandokando ya Ziwa Victoria.

Katika mchepuo, daktari hupitia mshipa wa shingo na kuweka stenti inayounganisha mshipa unaoingiza damu kwenye ini na ule unaoitoa. Kutapika damu na kujaa maji hupungua.

Hata hivyo, damu isiyosafishwa na ini hufika kwenye ubongo. Takriban mgonjwa 1 kati ya 3 huchanganyikiwa au kusinzia mno, na hatari huongezeka baada ya miaka 65. Moyo dhaifu nao huweza kuelemewa.

Umri pekee si kizuizi. Hali ya ini, moyo na figo hupimwa kwanza. Asiyefaa hupewa dawa za kupunguza shinikizo, hufungwa mishipa kwa endoskopia au hutolewa maji tumboni.

Familia inapaswa kuelezwa hayo kabla ya kuridhia. Mgonjwa anayetapika damu, kupata choo cheusi au kuchanganyikiwa awahishwe hospitalini.