Umejuaje? (Sudoku, mzee Garns na kisima cha kwetu)

Najua nimepotea humu ndani kama wiki tatu hivi, mniwie radhi. Test zilinibana, halafu boom lilipotoka nikajisahau kidogo. Leo nimerudi na stori ndefu, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Yote yalianza na wino mwekundu. Tulipewa kazi kwenye kozi ya Historia, kila mtu aandike kurasa kumi kuhusu kitu kimoja cha zamani cha kwao. Mimi nikaandika kuhusu kisima cha kijijini kwetu, kile kilichojengewa kwa mawe, ambacho nimekunywa maji yake tangu sijajua kutembea. Nikaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kilichimbwa na wamisionari. Karatasi iliporudi, pembeni ya sentensi hiyo palikuwa na neno moja tu: "Umejuaje?" Sehemu ya maksi, tupu. Nina wiki mbili za kuandika upya, la sivyo ni sifuri, na mnajua wenyewe sifuri ya coursework inampeleka mtu wapi. Kusapu, bwana.

Nikatoka pale nimenuna, nikaenda zangu vimbwetani. Nikamkuta rumeti wangu, yule wa Hisabati, anajaza sudoku kwenye gazeti la zamani. Nikamnyang'anya penseli, nikaona chumba kimoja kinakaa vizuri na 4, nikaandika 4.

Akaniangalia. "Umejuaje?"

Kidogo nimrushie gazeti usoni.

Kwa wale ambao hawajawahi kuicheza, sheria ni fupi kuliko za bao. Kuna mraba wenye vyumba 81, yaani mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama, na ndani yake umegawanywa visanduku 9 vya vyumba tisa tisa. Namba 1 mpaka 9 zinatakiwa kukaa kila mstari wa kulala, kila mstari wa kusimama na kila kisanduku, na isijirudie hata moja. Namba chache umeshawekewa, nyingine utafute mwenyewe. Hesabu hakuna humo, hujumlishi wala hutoi. Ungeweza kuweka picha za matunda tisa na mchezo ungebaki ule ule.

Rumeti ana sheria moja ya kwake: namba haiandikwi mpaka uweze kusema kwa nini haiwezi kuwa nyingine. Mimi nikamwambia aache makuu, huo ni mchezo tu wa Wajapani wa kale wa kupotezea muda. Akasema tena, "Umejuaje kama ni wa Wajapani wa kale?" Tukawekeana chipsi mayai. Nikaenda kusoma. Chipsi mayai nimeshalipa, kwa hiyo jibu mnalo, ila njia niliyopita ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Tuanze na Leonhard Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1707 na kufia St. Petersburg mwaka 1783. Huyu aliandika kuhusu miraba ambayo kila alama inatokea mara moja tu kila mstari, wa kulala na wa kusimama. Visanduku vidogo havikuwepo, kwa hiyo hiyo bado si sudoku. Ila jamaa aliacha swali zuri: una maofisa 36 wa jeshi, kutoka vikosi 6, kila kikosi kina vyeo 6. Je, unaweza kuwapanga sita kwa sita ili kila mstari uwe na kila kikosi na kila cheo bila kurudia? Euler akaona haiwezekani. Akaenda mbali zaidi, akadhani hata kwa 10, 14, 18 na kuendelea hivyo haitawezekana. Kwa 6 alipatia, Mfaransa Gaston Tarry akathibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa kupitia kila hali moja moja. Lakini mwaka 1959 Bose, Shrikhande na Parker wakaonyesha kwamba 10 inawezekana, na zile nyingine zote pia. Zaidi ya miaka 170 watu walikuwa wanabeba dhana ya mtu mkubwa. Nilipofika hapo nikajisikia nafuu kidogo, maana kama Euler naye aliwahi kudhani, mimi ni nani?

Miaka ya 1890 magazeti ya Paris yakaanza kuchapa mafumbo ya namba. Le Siècle walitoa mraba wa tisa kwa tisa mwaka 1892, na La France wakatoa mwingine mwaka 1895 ambao umeikaribia kabisa sudoku ya leo. Baadaye mafumbo hayo yakafifia, na wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia hayakuwepo tena.

Sasa turuke mpaka Marekani, mwaka 1979. Kampuni ya Dell, inayotoa majarida ya chemshabongo, ikachapa fumbo jipya lililoitwa Number Place. Vyumba 81, visanduku tisa, namba 1 mpaka 9. Ni sudoku kamili, haina hata nukta pungufu. Jina la aliyelitunga halikuwekwa juu ya fumbo. Hapo naomba mpashikilie, tutaparudia.

Fumbo likavuka bahari. Mwaka 1984 jarida la Kijapani la kampuni ya Nikoli likalichapa na kulipa jina refu, Suji wa dokushin ni kagiru, maana yake kwa lugha yetu ni kama kusema namba lazima zibaki kapera. Yaani kila namba peke yake, hakuna kuoana mstari mmoja! Aliyelifupisha kuwa Sudoku ni Maki Kaji, mmoja wa waanzilishi wa Nikoli, aliyefariki mwaka 2021. Huyu mzee alikuwa mpenzi wa mbio za farasi, na hata jina Nikoli ni la farasi wa mashindano. Mtu wa kubeti ndiye aliyeupa jina mchezo usiotaka kubeti. Halafu kwa kuwa Nikoli walilisajili jina hilo kwao, wachapishaji wengine wa Japani wakabaki wanauita Number Place. Wajapani wanatumia jina la Kimarekani, na dunia nzima inatumia la Kijapani. Kha!

Waliouleta Ulaya si Wajapani pia. Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa jaji Hong Kong, aliukuta mwaka 1997 kwenye duka la vitabu Tokyo. Kijapani hakijui, lakini mraba aliuelewa. Alitumia kama miaka sita kutengeneza programu ya kompyuta ya kutunga mafumbo hayo, akayapeleka The Times la London, nao wakaanza kuyachapa tarehe 12 Novemba 2004. Mwaka uliofuata magazeti ya Uingereza yakawa yanashindana nani ana sudoku nzuri, na mwaka 2006 mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika Lucca, Italia.

Hapo ndipo walipotokea watu wa aina ya rumeti wangu, waliotapakaa nchi mbalimbali, wanatumiana mafumbo magumu na kubishana usiku kucha kwenye intaneti. Ubishi wao haukuwa nani kamaliza haraka. Ulikuwa umejuaje.

Niwape mfano wa kazi yao. Chukua namba 5. Kwenye mstari wa pili wa kulala, 5 inaweza kukaa vyumba viwili tu. Kwenye mstari wa saba vilevile, viwili tu, na vimelingana na vile vya juu, yaani viko kwenye mistari ile ile miwili ya kusimama. Hujui 5 ya juu iko kushoto au kulia. Lakini ikiwa kushoto, ya chini lazima iwe kulia, na kinyume chake. Kwa hali yoyote ile, mistari hiyo miwili ya kusimama imeshapata 5 zake, kwa hiyo 5 kwenye vyumba vyake vingine vyote unaifuta. Mbinu hii wanaiita X-Wing, maana ukiunganisha pembe zile nne unapata herufi X. Rumeti aliponionyesha nilikaa kimya kama dakika nzima. Hujui kitu kiko wapi, na bado umejua kwa hakika pale ambapo hakipo.

Kuna mbinu nyingine iliyowagawa. Fumbo halali lina jibu moja tu. Basi kuna wanaosema, nikiona pembe nne zinaelekea kubaki na 2 na 8 tupu, kwa namna ambayo namba hizo zinaweza kubadilishana nafasi bila kuharibu chochote, najua hali hiyo haiwezi kuwa kweli kwa sababu ingeleta majibu mawili, kwa hiyo pembe mojawapo ina namba nyingine. Wengine wanakataa. Wanasema hapo hujathibitisha kutokana na namba zilizomo, umemwamini tu mtunzi kwamba kafanya kazi yake vizuri. Mimi kama mtu wa Historia nilisisimka, maana ni ugomvi wetu ule ule wa darasani: unaamini hati kwa sababu ya kilichomo, au kwa sababu ya aliyeiandika?

Wanahisabati nao hawakukaa nyuma. Mwaka 2005 Felgenhauer na Jarvis walihesabu miraba yote iliyojazwa inayowezekana, wakapata 6,670,903,752,021,072,936,960. (Msiniombe niisome kwa sauti.) Wapenzi wa mchezo walikuwa wamekusanya maelfu ya mafumbo yanayoanza na namba 17 tu, lakini hakuna aliyewahi kuona la 16 lenye jibu moja. Wengi wangesema basi, halipo. Gary McGuire na wenzake wa University College Dublin hawakutaka kusema hivyo hivyo tu. Walisaka kwa kompyuta, kazi iliyokula saa milioni 7.1 za prosesa, na Januari 2012 wakatangaza kwamba kweli la 16 halipo.

Sasa turudi pale tulipopashikilia. Nani alilitunga lile fumbo la mwaka 1979?

Aliyemtafuta ni Will Shortz, mhariri wa chemshabongo wa The New York Times. Majarida ya Dell hayakuweka jina juu ya fumbo, lakini mbele ya kila toleo palikuwa na orodha ya wote waliochangia. Shortz akachukua matoleo yenye Number Place na yasiyokuwa nayo, akalinganisha orodha. Jina moja lilikuwepo kila toleo lenye fumbo lile, na halikuwepo kwenye yale yasiyokuwa nalo: Howard Garns, msanifu majengo mstaafu wa Indiana, aliyekuwa na miaka 74 fumbo lilipotoka. Alifariki mwaka 1989. Dunia nzima ilikuja kuinamia mraba wake yeye akiwa kaburini miaka kumi na tano.

Wadau, hebu angalieni alivyopatikana. Orodha za majina ni mistari, matoleo ni vyumba, unafuta wasiowezekana mpaka anabaki mmoja. Mtunzi wa sudoku kapatikana kwa sudoku! Na bila hizo orodha, mimi na nyie tungeendelea kusema ni Wajapani wa kale, kwa sababu jina linasikika hivyo. Kama nilivyosema wamisionari, kwa sababu kisima kina mawe mazuri.

Juzi nikampigia bibi. Shikamoo, marahaba, umekula, nimekula. Nikamuuliza kisima kilichimbwa na nani. Akacheka. Akasema walichimba vijana wa kijiji, mwaka wa njaa, na kaka yake mkubwa alikuwemo, na wazungu walikuja baadaye wakajengea mawe tu. Moyo ukanidunda, maana miaka yote hiyo sijawahi kusikia kwamba babu yule alichimba kitu. Nikamuuliza kwa adabu, bibi, ulikuwepo? Akasema alikuwa bado anabebwa mgongoni, alisimuliwa na mama yake.

Kwa hiyo bado sijaandika jibu. Nina wagombea wawili na ushahidi mmoja wa kusimuliwa. Padri wa parokia kasema vitabu vya zamani vipo, vina tarehe misheni ilipoanza. Tarehe hiyo ikiwa nyuma ya njaa ile, wamisionari bado wamo na mimi nina kazi zaidi. Ikiwa mbele, nawafuta. Jumamosi napanda basi kwenda nyumbani, na nauli ni ile iliyobaki baada ya chipsi mayai.

Rumeti kanipa fumbo la kufanyia safarini. Penseli ninayo, na kifutio kaninyima, anasema mtu anayejua hahitaji. Haya, nikirudi nitawaambia. Mwenye kisima kwao naye aulize kabla bibi zetu hawajaondoka.