Historia ya MGF Iko Chini ya Sakafu

Wasee, historia ya magari tunayopewa huwa ya spidi, injini na picha za kubandika ukutani. Leo nawapeleka chini ya gari, kwenye paipu za maji.

Chukua MGF. Kiwanda cha MG kule Abingdon, Uingereza, kilifungwa 1980. Mashabiki walingoja miaka 15 ndio wapate gari ya spoti ya MG iliyobuniwa upya. MGF ikaja 1995: viti viwili, paa la kukunja, injini ya lita 1.8 nyuma ya viti.

Hapo ndipo shida inaanzia. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele. Maji ya kupoza lazima yasafiri karibu urefu wote wa gari, kwenda na kurudi, kwa paipu zinazopita chini ya sakafu. Na paipu hizo zilikuwa za chuma cha kawaida, kwa nchi inayomwaga chumvi barabarani msimu wa baridi ili kuyeyusha barafu. Chuma, maji, chumvi. Jibu unalijua.

Paipu ikitoboka, maji yanavuja polepole. Injini yenyewe, K-Series, hubeba maji kidogo, so ukipoteza kiasi tu, inachemsha na gasketi ya hedi inaenda. Bei ya paipu imegeuka bei ya injini.

Sasa ungelilia nani? BMW ilinunua Rover 1994, ikaachana nayo 2000 kwa pauni 10 pekee. Aprili 2005 MG Rover ikaanguka, watu takriban 6,000 wakakosa kazi. Kampuni imekufa, kutu inaendelea na kazi.

Walioziokoa gari hizi ni wenyewe na karakana ndogo zilizoanza kukunja paipu za chuma kisichoshika kutu. Kazi si ya kukimbiza: unainua gari, unamwaga maji, unatoa paipu zilizooza, unafunga mpya na hosi mpya, unajaza kulanti, halafu unatoa hewa yote. Hewa ikibaki ndani, itachemsha tu.

Kuna wenye watasema chuma cha kawaida kilitosha, gari ilitoka dukani ikiwa sawa. Kweli, mnunuzi wa kwanza hakuona kutu. Bili ilimngoja wa tatu.

Na sisi Wakenya wengi ndio hao wa pili na wa tatu. Sheria inaruhusu mtumba wa hadi miaka 8, kwa hivyo tunarithi maamuzi ya watu wa mbali. Chumvi ya barafu hatuna, lakini tunajaza rejeta maji ya mfereji, ilhali kulanti ina dawa ya kuzuia kutu. Huko kutu ilitoka nje, hapa tunaikaribisha ndani.

Kabla uulize gari inakimbia ngapi, inama kwanza uangalie chini.