Umeme wa Nyumba za Magurudumu: Karne ya Kusaka Hitilafu

Mwenye karavani anashuka asubuhi kwenye nyasi zenye umande, anarudi kushika kitasa cha mlango wa alumini, na papo hapo anapigwa shoti. Ndani taa zinawaka, friji inagandisha, kiyoyozi kinavuma. Hakuna kifaa kinacholalamika. Hata hivyo bodi nzima ya gari imebeba umeme.

Sababu yake ni rahisi kuieleza na ngumu kuiona. Matairi ya mpira hulitenga gari na ardhi, kwa hiyo njia pekee ya kuuondoa umeme unaovuja ni waya wa ethi ulio ndani ya kebo inayounganisha gari na nguzo ya umeme kambini. Waya huo ukilegea ndani ya plagi, hakuna kifaa kitakachozimika, kwa sababu vyote vinaendeshwa na waya wa moto na nyutro. Umeme unaovuja kwenye hita ya maji unabaki juu ya bati hadi atokee mtu aliyekanyaga ardhi mbichi, naye ndiye anayekuwa njia ya kuuteremsha.

Historia ya magari ya kuishi safarini, hasa huko Marekani yalikostawi kuliko kwingine, husimuliwa kwa kufuata maumbo yake: lipi lilikuwa refu, lipi lilikuwa na bafu, lipi lilimetameta. Ukiifuata kwa upande wa nyaya unaona jambo jingine. Kila kizazi kilipata chanzo kipya cha umeme, kikakiunganisha na cha zamani, na matatizo yakahamia pale vyanzo viwili vilipokutana.

Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha Touring Landau katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Lilikuwa gari la matajiri. Kiti cha nyuma kiligeuka kitanda, beseni la kunawia lilikunjuliwa kutoka mgongoni mwa kiti cha dereva, na abiria walizungumza na dereva huyo kwa simu. Miaka mitano baadaye Roland Conklin, mwenye kampuni ya kutengeneza mabasi, aliichukua familia yake kutoka Huntington, New York, hadi San Francisco ndani ya gari la tani 8 lenye urefu wa futi 25. Humo mlikuwa na jiko, vitanda, santuri, bustani juu ya paa, na jenereta yake ya kuwashia taa. Magazeti yaliliandika sana, na lilistahili. Mwaka 1915 nyumba nyingi za mashamba ya Marekani zilikuwa bado zinatumia taa za mafuta.

Watu wa kawaida walisafiri kwa Ford Model T. Umeme wake ulitoka kwenye sumaku 16 zilizofungwa kwenye gurudumu la injini, na kuanzia 1915 taa za mbele zililishwa moja kwa moja na sumaku hizo. Injini ikienda polepole taa zilififia, hivyo dereva aliyepita njia mbovu usiku ilimbidi akanyage mafuta ili aone, na akizidisha balbu ziliungua. Tena taa hizo mbili zilifungwa kwa mfuatano kwenye waya mmoja: moja ikiungua, zote mbili zilizimika. Dereva alisimama gizani na balbu ya akiba mkononi, akijaribu upande mmoja, kisha wa pili. Wengi walipata hapo somo lao la kwanza la ufundi umeme, tena bila mwalimu.

Wakati huohuo Thomas Edison, Henry Ford na Harvey Firestone walikuwa wakienda kupiga kambi porini kila kiangazi, wakiwa na msafara wa magari na wapishi. Mwaka 1921 hata Rais Warren Harding alijiunga nao huko Maryland. Edison alichukua betri zake, na mahema yakamulikwa kwa balbu. Umeme ule ulikuwa wa betri pekee, haukuunganishwa na injini ya gari wala nguzo yoyote. Kwa fundi, huo ndio mpango mwepesi kuliko yote: chanzo kimoja na njia moja ya kwenda na kurudi.

Mambo yalibadilika trela zilipoanza kuvutwa. Katika miaka ya 1930 karavani zilijaa barabarani kiasi kwamba mtaalamu wa takwimu Roger Babson alitabiri kuwa nusu ya Wamarekani wangekuja kuishi ndani yake. Mwaka 1936 Wally Byam alitoa Airstream Clipper ya alumini, ya watu wanne, yenye maji yake na taa za umeme, kwa dola 1,200. Trela inayovutwa inataka taa za nyuma, na taa hizo zinalishwa na betri ya gari lililo mbele. Waya wa kupeleka umeme ulipita kwenye plagi. Njia ya kurudi mara nyingi ilikuwa chuma chenyewe: fremu ya trela, kisha tufe la kuvutia, kisha bodi ya gari.

Tufe hilo ni kiungo cha chuma kinachozunguka, kimepakwa grisi, kinanyeshewa na kushika kutu. Mwendo mnyoofu taa zilikaa vizuri. Kwenye kona zilififia. Dereva akiwasha indiketa, taa ya breki ilipepesa pamoja nayo, kwa sababu umeme uliokosa njia ya kurudi ulipitia kwenye balbu ya jirani. Mtu asiyejua alibadilisha balbu, akabadilisha fyuzi, akabadilisha hata swichi. Aliyejua alichukua waya mmoja mrefu, akaunganisha upande hasi wa betri na fremu ya trela, akatazama. Taa zikikaa sawa, ubovu uko kwenye ethi. Kipimo hicho kinafanywa hadi leo, na hakuna kipimo kingine cha umeme wa trela kinachotoa jibu kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo. Plagi za baadaye zikaongezewa waya wa ethi wa peke yake, ili tufe libaki na kazi ya kuvuta tu.

Volti nazo zilikuwa chache. Magari ya Marekani yalitumia volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1950 yalipohamia 12. Taa ya wati 30 kwa volti 6 inavuta ampea 5. Kwa volti 12 inavuta ampea 2.5. Waya mrefu unaofika nyuma ya karavani unapoteza volti kulingana na ampea zinazopita, kama bomba refu la bustani linavyotoa maji hafifu mwishoni, na volti moja ikipotea kati ya sita ni hasara kubwa. Nyaya zilezile, taa za wati zilezile, zikapata mwanga kwa sababu tu volti ziliongezeka.

Byam alitaka zaidi ya mwanga. Mwaka 1957 Airstream ilitoa International, trela iliyokusudiwa kujitegemea kabisa bila kuchomekwa popote, na mwaka 1959 akaipeleka dhana hiyo mahali pa kuijaribu kweli: Cape Town hadi Cairo. Trela 41 na watu zaidi ya 100 walipita kusini mwa Afrika, Kongo ya Wabelgiji, Uganda, Kenya na Ethiopia, walikokutana na Mfalme Haile Selassie, wakamaliza safari Misri na kupiga picha maarufu mbele ya piramidi. Njiani hapakuwa na kambi zenye nguzo za umeme. Betri ilijazwa na injini inayovuta, basi. Barabara ya vumbi yenye mawimbi, ambayo kila dereva wa Afrika Mashariki anaijua mgongoni, hulegeza skrubu na nati kuliko kilomita elfu za lami, na nyumba yenye nyaya ukutani ina skrubu nyingi mno.

Friji katika trela hizo haikutegemea umeme, na hapo pana hadithi inayofika hadi zahanati zetu. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota: joto huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na mzunguko huo pamoja na hidrojeni huleta baridi. Joto linaweza kutoka kwa gesi, umeme au mafuta ya taa. Friji za mafuta ya taa za aina hiyo zilihifadhi chanjo kwa miongo mingi katika vituo vya afya vya vijijini Afrika, na wauguzi walizijua tabia zake mbili: zinataka kusimama sawasawa bila kuinama, na zinataka mwali wa buluu. Mwenye karavani huko Arizona anakumbana na tabia ya kwanza vilevile. Akiegesha kwenye mteremko, kimiminika kinakwama kwenye mabomba, friji inaacha kupoa, na ikiachwa hivyo muda mrefu inaharibika moja kwa moja.

Baadaye watengenezaji waliondoa kiberiti wakaweka bodi ya kielektroniki inayowasha mwali yenyewe. Bodi hiyo inatumia volti 12. Tangu hapo betri ikiisha, friji ya gesi haiwaki hata mtungi ukiwa umejaa, na kifaa kilichosifiwa kwa kutohitaji umeme kikazimwa na waya mwembamba.

Winnebago ya Forest City, Iowa, ilianza kutengeneza magari ya nyumba kwa wingi mwaka 1966, na nyumba na injini zikawa kitu kimoja. Sasa ndani ya gari moja mlikuwa na betri ya kuwashia injini, betri ya nyumba, jenereta, na kebo ya kuchomeka kambini. Kuzitenganisha betri mbili, mafundi walitumia dayodi, ambayo huruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ilifanya kazi, lakini ilikula karibu volti 0.7 njiani, na betri ya nyumba haikujaa hata baada ya safari ya kutwa. Umeme wa kambi nao uligeuzwa kuwa volti 12 kwa konveta, na nyingi kati ya konveta za zamani zilisukuma volti zilezile usiku na mchana. Gari lililochomekwa msimu mzima lilichemsha maji ya betri hadi sahani zikabaki wazi. Wenye magari walizilaumu betri. Wengi walinunua mpya na kuzichemsha tena.

Nguzo ya kambi yenyewe ilileta hatari mpya. Plagi ya ampea 30 ya magari haya ni ya volti 120, ila umbo lake linafanana na soketi za volti 240 za mashine za kukaushia nguo, na mafundi wa majumbani wamezifunga vibaya mara nyingi. Gari likichomekwa hapo, kila kifaa kilichowashwa kinaungua kwa sekunde. Kwenye huduma ya ampea 50, ambayo ina nyaya mbili za moto, nyutro ikikatika volti zinagawanyika ovyo: upande mmoja unashuka, mwingine unapanda kuelekea 240.

Kuhusu shoti ya mlangoni, mtu wa kushukuriwa ni Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliwapima watu wa kujitolea kujua ni mkondo kiasi gani unaofanya misuli ikaze hadi mkono ushindwe kuachia, akapata wastani wa miliampea 16 kwa wanaume na 10.5 kwa wanawake. Mwaka 1961 akabuni swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikakata pale tofauti inapofika takribani miliampea 5. Fyuzi ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Fyuzi ya ampea 15 huwa haijashtuka hata mtu akiwa ameshakufa.

Vyombo vya kupimia vilikua sambamba. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba kipimo kimoja cha ampea, kingine cha volti na kingine cha omu, akaviunganisha katika kimoja kilichotoka mwaka 1923 kwa jina la Avometer. Mwaka 1977 Fluke ilitoa mita ya kidijitali ya kushika mkononi, na usahihi ukamfikia kila fundi. Usahihi huo una mtego. Mita ya kidijitali inavuta umeme mdogo sana hivi kwamba waya uliobaki uzi mmoja mzima unasoma volti 12 kamili. Ukiubebesha pampu ya maji, haufanyi lolote. Taa ya kupimia ya zamani, balbu na nyaya mbili, inavuta mzigo wa kweli na kufichua uozo huo mara moja. Fundi mzuri hana budi kuwa na vyote viwili, na kupima kifaa kikiwa kimewashwa.

Betri za lithiamu zimefungua ukurasa mwingine. Zinapokea umeme kwa pupa, kiasi kwamba alteneta ya gari lililosimama huku injini ikiunguruma hufanya kazi kwa nguvu zote bila upepo wa kuipoza, na nyingi zimeungua hivyo kabla ya kuwekewa chaja ya kati inayopunguza mkondo. Ubongo wa kielektroniki ulio ndani ya betri nao huikata betri ikiisha kabisa. Mita inasoma sifuri, na chaja ya zamani, isipoona betri, haianzi kuchaji.

Na sasa swichi za ukutani zinaondoka. Katika magari mapya taa, pampu na mapazia huamrishwa kupitia skrini, na amri husafiri kwa jozi ya nyaya za data zenye kizuizi cha omu 120 kila mwisho. Skrini ikigoma, fundi wa Elkhart, Indiana, kitovu cha utengenezaji wa magari haya, huzima umeme wote na kupima kati ya nyaya hizo mbili. Akisoma omu 60, njia ni nzima na anahamia kwenye vifaa. Akisoma 120, upande mmoja umekatika, naye analala chini ya gari kufuata kebo plagi baada ya plagi, akianza na zile zilizo karibu na matairi, zinakorushiwa maji na matope.