Koki ya kutolea kwenye sufuria ya umeme ya kupikia bia: itobolewe wapi?

Leo naandika kitu cha mafundi. Kule Uingereza leseni ya kupika bia nyumbani ilifutwa mwaka 1963, na Marekani Rais Carter alisaini sheria ya kuruhusu mwaka 1978, kwa hiyo kuna jamaa wengi wanajitengenezea sufuria zao za umeme. Plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya ampea 13, volti 240, kwa hiyo michoro yao inatuhusu moja kwa moja. Sizungumzii gongo hapa, na kuuza bila leseni ni kosa.

Wengi wanahangaika na koili, koki wanaiacha mwisho. Mimi naona ni kinyume, maana hivi viwili vinatoboa ukuta mmoja, na maji ya moto yanapita sentimita chache tu kutoka kwenye umeme.

Anza na hesabu. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 36 inabeba karibu lita 1 kwa kila sentimita 1 ya kimo. Ukitoboa tundu la koki sentimita 4 kutoka chini, lita 4 zinabaki ndani. Kama ulipika lita 25, hiyo ni hasara ya asilimia 16! Dawa yake ni kipande cha bomba ndani, kinachokunjwa kushuka hadi sentimita 1 kutoka chini. Kinafanya kazi kama mtu anayenyonya petroli kwa mpira: maji yanaendelea kutoka hata yakishuka chini ya tundu, mradi mdomo wa nje uko chini zaidi na hakuna hewa inayoingia kwenye maungio. Uwazi kidogo tu kwenye uzi, mnyonyo unakatika.

Mdomo wa bomba uelekee ukutani, sio katikati. Ukishazima moto, koroga kwa kuzungusha halafu acha dakika 15 hivi. Mashapo na maua ya hopsi yanajikusanya katikati kama kichuguu, na maji ya kimea (matamu kama togwa) yanatoka pembeni yakiwa safi.

Sasa hatari. Koili inakaa kama sentimita 5 kutoka chini. Bomba likinyonya vizuri, koili inabaki hewani. Koili ya wati 2,400 ikiwa hewani na umeme bado upo inakuwa nyekundu haraka sana, na kama chombo ni ndoo ya plastiki, hapo unaongelea moto wa nyumba. Zima, chomoa plagi, ndipo ufungue koki. Hakuna njia ya mkato.

Jambo la pili, koki na koili visikae upande mmoja. Nimeona michoro mingi inayoviweka jirani ili sufuria ipendeze, na sikubaliani nayo kabisa. Koki zote hudondosha siku moja, na mpira huchomoka. Acha angalau robo ya duara kati yao, koki mbele, koili pembeni. Waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni. Waya wa ardhi ufungwe kwenye mwili wa sufuria. Na jamani, breka ya kawaida inalinda waya, hailindi mtu. Tafuta ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30.

Vifaa: koki ya nusu inchi ya chuma kisichoshika kutu, inayofungwa kwa robo mzunguko. Bora ile inayofunguka vipande vitatu, kwa sababu uchafu unajificha ndani na bia inachacha. Bomba la mabati usitumie, kimea kina asidi na zinki inayeyuka. Bomba la PVC la maji baridi linalegea kabla hata ya nyuzi 100. Mpira wa silikoni ndio unaofaa.

Kabla ya kuunganisha umeme wowote, jaza maji, weka karatasi ya chooni kavu chini ya kila nati, kaa saa moja. Ikilowa, kaza tena au badili washa. Halafu fungua koki, yaache yatoke yenyewe, na yaliyobaki ndani uyapime kwa chupa ya lita moja. Yakizidi chupa mbili, bomba lako ni fupi au linavuta hewa.