Tuma pesa nyumbani: wakubwa wa kampuni na historia ya M-Pesa hadi kwetu

BOGA, Ituri – Kwa familia iliyokimbia vita, ujumbe wa simu unaosema pesa imeingia unaweza kuwa chakula cha siku hiyo. Wakubwa wa kampuni wanaita huduma hiyo uvumbuzi wao. Historia inaonyesha kwamba raia nao walikuwa na mkono ndani yake.

Mwaka 2005, Vodafone ya Uingereza na Safaricom ya Kenya zilianza kuijaribu M-Pesa pamoja na Faulu, shirika la mikopo midogo. Lengo lilikuwa mkopaji aweze kulipa deni lake kwa simu. Lakini waliopewa huduma hiyo kwa majaribio wakaitumia kwa njia yao: walianza kutumiana pesa wao kwa wao, na kuwapelekea jamaa walio mbali.

Safaricom wakati huo iliongozwa na Michael Joseph. Ilipofungulia huduma nchi nzima Machi 2007, haikutangaza mikopo wala ufundi wa mitambo. Ilisema tu: tuma pesa nyumbani. Mwenye kazi Nairobi na mama kijijini alielewa mara moja. Wakubwa walikuwa wamechukua maneno yao kutoka kwa matumizi ya watu.

Bob Collymore alipopokea uongozi mwaka 2010, lugha ilipanuka. Kampuni ikajieleza kama inayobadilisha maisha, na mwaka 2017 ikaja kaulimbiu ya Twaweza. Habari ilivyozidi kuwa kubwa, wale wakopaji wa kwanza walizidi kusahaulika.

Kwetu Congo, Vodacom ilileta M-Pesa Novemba 2012. Lakini hapa Ituri, maneno "tuma pesa nyumbani" yanagonga ukuta. Aliyehama aliacha nyumba nyuma. Pesa inamfuata alipo, ikiwa mtandao upo, ikiwa simu haikupotea njiani, na ikiwa mwenye kibanda ana noti za kumpa. Mambo hayo ni nadra kuyasikia katika hotuba za wakurugenzi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mkubwa yeyote akija kututangazia uvumbuzi kwa ajili ya waliohama, tumwulize mambo mawili: asiye na simu atafikiwaje, na ada ya kutoa pesa atailipa nani? M-Pesa ilipata njia yake pale wakubwa walipoangalia watu wanafanya nini nayo. Na sisi tuna ya kuwaonyesha.