Fundi redio, mtu aliyesahaulika kwenye historia ya dansi

Kila nikisoma makala kuhusu muziki wetu wa dansi wa zamani nakutana na majina yale yale: Salum Abdallah, Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Maalim Gurumo, Remmy Ongala. Sina ugomvi na majina hayo, wanastahili kila sifa wanayopewa. Lakini kuna mtu mmoja simkuti popote, na bila yeye hao wote wasingesikika kupita meza ya tatu kutoka jukwaani. Namzungumzia fundi wa amplifaya.

Tuanze na jambo dogo la kisayansi. Gitaa la umeme likipigwa bila kuchomekwa mahali popote linasikika kama mbu. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko wa nyuzi unazalisha umeme kidogo sana ndani ya waya huo. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo mpaka upate nguvu ya kusukuma spika. Sasa fungua redio yoyote ya zamani. Nusu ya kwanza inakamata mawimbi, nusu ya pili inakuza sauti. Ile nusu ya pili ni amplifaya. Hakuna siri nyingine.

Ndiyo maana historia ya chombo hiki duniani kote inapita kwenye meza ya fundi redio. Leo Fender, ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa mpaka leo, hakuwa mpiga gitaa. Alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938, na miaka ya 1940 akaanza kutengeneza amplifaya. Miaka ya mwanzo ya 1960 duka la Jim Marshall jijini London likatoa amplifaya yake ya kwanza, na mafundi wake walianza kwa kuifuata ile ya Fender iitwayo Bassman. Yaani hata wakubwa walianza kwa kufungua cha mwenzao na kutazama ndani.

Turudi nyumbani. Ukitaka kuielewa dansi ya Tanzania usianze na nani aliimba, anza na nani alikuwa na vyombo. Kwa watu wa dansi neno "vyombo" lina maana ya magitaa, ngoma, maikrofoni, spika na amplifaya kwa pamoja, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Ilipokuja OTTU miaka ya 1990, bendi ikawa OTTU Jazz. Baadaye ndipo ikabaki na jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS, na mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz. Waimbaji ni wale wale, ila jina la bendi linamfuata mwenye mali.

Mwanamuziki akihama alihama na koo lake na vidole vyake tu. Gurumo alipita NUTA, akaenda Mlimani Park, na mwaka 1985 akawa miongoni mwa waliokwenda Safari Sound ya Hugo Kisima. Kote huko vyombo vilikuwa vya mtu mwingine. Wimbo ulikuwa wako, lakini sauti yake kufika mlangoni ilitegemea sanduku usilolimiliki.

Sasa fikiria sanduku hilo linakufa mwaka 1981. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishavunjika mwaka 1977, tumetoka kwenye vita na Idi Amin, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Madukani hata sabuni ni ya kupanga foleni. Nani atakupa kibali cha dola ukanunue vali ya amplifaya? Ni mwaka 1984 ndipo serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Kabla ya hapo bendi zilipiga, tena usiku kucha, kwa vyombo ambavyo kiwandani vilishasahauliwa.

Ziliwezaje? Kwa sababu amplifaya ni ndugu wa redio, na redio zilikuwepo. Zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa nchini, Philips wakiwa Arusha na Matsushita, waliojulikana kwa jina la National, wakiwa Dar. Mfano mmoja unatosha. Vali inayoitwa EL84 ilitumika kwenye redio kubwa za mezani za Ulaya, zile za kabati la mbao. Vali hiyo hiyo, zikiwa nne, ndiyo moyo wa Vox AC30, amplifaya iliyotumiwa na The Beatles. Kwa hiyo redio mbovu ya sebuleni ilikuwa ghala la vipuri, kwa anayejua kuitazama.

Mimi ni mtoto wa Binza, mkoani Simiyu, ingawa mpaka mwaka 2012 tulikuwa bado tunahesabiwa Shinyanga. Huko kwetu pamba ndiyo ilikuwa benki, na kwa miaka mingi umeme wa gridi tuliusikia redioni. Muziki ulipigwa kwa betri ya gari. Amplifaya ya vali inataka volti mia tatu na zaidi, betri inatoa kumi na mbili. Aliyetuokoa ni transista. Lakini hata yenyewe kwa volti kumi na mbili haitoi nguvu nyingi, ndiyo maana zikatumika spika za honi, zile kama tarumbeta, ambazo nguvu kidogo inatosha kuzipigisha kelele mpaka kijiji cha pili. Wenzetu wa Konono No. 1 kule Kinshasa walifikia jibu linalofanana na hilo: likembe zenye sumaku zilizotolewa kwenye vifaa vya magari, na spika za honi. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ikawashangaza Wazungu.

Kijijini palikuwa na mzee aliyetengeneza redio chini ya mwembe, na kwaya za kanisani zilimletea amplifaya zao. Nilikaa naye sana wakati wa likizo. Hakuwa na cheti, alikuwa na utaratibu. "Bwana mdogo, sikiliza kwanza, kifungue baadaye," alikuwa ananiambia. Utaratibu wake nauandika hapa kwa sababu sijauona umeandikwa popote kwa Kiswahili.

Kwanza fyuzi. Ikiungua weka nyingine ya kiwango kile kile, mara moja tu. Ikiungua tena, kuna shoti ndani, mara nyingi diodi za umeme au zile transista kubwa za mwisho. Ukifunga karatasi ya sigara badala ya fyuzi, kitakachoungua safari hii ni transfoma. Pili, kwa chombo cha kuchomeka ukutani, pitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, zima, kuna shoti. Tatu, mvumo. Ukivuma hata volyumu ikiwa chini kabisa, kapasita kubwa za umeme zimekauka, na joto la chini ya bati linazikausha haraka. Mvumo ukipungua unapoteremsha volyumu, kwanza tafuta waya mbovu wa gitaa. Nne, mikwaruzo. Hiyo ni vumbi kwenye volyumu, au lehemu iliyopasuka pale waya wa gitaa unapochomekwa, kwa sababu kila mpigaji anaukanyaga na kuuvuta. Tano, kabla ya kuilaumu amplifaya, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye nyaya za spika. Spika nzima itasema "twa".

Na juu ya yote hayo, vali zinaua. Hata ukichomoa plagi, kapasita zinaweza kubaki na mamia ya volti. Mzee alizimaliza kwanza kwa rezista yenye mishikio mirefu, akapima na mita kuhakikisha, na wakati wa kupima chombo chenye umeme mkono wake mmoja ulikaa nyuma ya mgongo, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Mzee huyo ameshafariki. Hakuacha daftari. Amplifaya nyingi zinazouzwa siku hizi zina vipande vidogo kuliko punje ya mchele, zikifa watu wanatupa, na vijana ambao wangerithi meza yake wako kwenye simu, kwa sababu huko ndiko kwenye hela. Siwalaumu. Ninaowasema ni sisi waandishi. Tumewahoji waimbaji mpaka tumewachosha, wengine tumewahoji wakiwa kitandani hospitali. Ni nani amemtafuta fundi aliyekuwa anashika taa nyuma ya jukwaa pale DDC Kariakoo, saa sita usiku, watu wameshalipa kiingilio na gitaa la solo limenyamaza? Nina hakika wengine bado wako hai, Magomeni, Tabora, Morogoro, Mwanza. Wanajua ni bendi gani ilipigia chombo gani, kilikufa lini na kilifufuliwa kwa kipuri cha nini. Hiyo nayo ni historia ya muziki, tena ni ile ambayo kanda za Radio Tanzania haziwezi kutusimulia.

Basi kama mtaani kwenu yupo mzee mwenye kibanda kilichojaa maganda ya redio, usimpite. Mpelekee hata waya uliokatika, kaa kwenye kigoda, umuulize alianza kazi mwaka gani na bendi ya kwanza kumletea kazi ilikuwa ipi. Beba kalamu.